Jike Lisilo na Mabawa

Jumatatu, 4 Machi

Wametoka! Nilishusha pumzi kwanza ndipo nikafungua kisanduku. Mabuu niliyoyalisha konokono muda wote huu sasa ni vimulimuli wakubwa. Baadhi weusi, wenye mabawa, wanagongagonga kioo. Wengine — wee! Weupe, wanene, bawa hata la dawa hawana. Asiyejua ataapa ni mabuu bado. Lakini mkiani wanawaka.

Mayai ya mama mmoja. Niliyatenga kwa mkono wangu.

Nikaketi sakafuni. Vitabuni hawa ni spishi mbili, kila moja na jina lake. Na aliyewatenganisha ni baba mkwe wangu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepasua, nimelinganisha, nimerudia. Nikawaingiza chumba cha giza. Mweusi akaruka moja kwa moja hadi kwa mweupe, wakapandana. Hakuna cha kubishania. Dume na jike, basi!

Mkuu wa idara nimemwonyesha picha, nusura anibebe juu. Anataka makala iende haraka, wengine wasije wakatuwahi. Kwake ni sherehe. Kwangu maji ya shingo. Kanuni ya kazi yetu haina huruma: mdudu mmoja akikutwa na majina mawili, lililotangulia linabaki, la pili linafutwa.

La pili, la hao weupe, ni jina la mama mkwe. Ndiye aliyemwokota yule jike wa kwanza, majanini kando ya kinamasi, mume wangu akiwa bado tumboni mwake. Mzee akampa mdudu jina la mkewe. Mama alipofariki, mzee akaagiza kimulimuli kichongwe kwenye jiwe la kaburi. Wenzake wanachonga maua!

Jumapili, 10 Machi

Nimemwambia mume wangu tukiwa tunakunja nguo. Akacheka. "Kumbe mama ni jike la baba tu? Si ndivyo ilivyokuwa!" Halafu akaokota soksi moja.

Akasema nisubiri. Nisubiri nini? Akawa anaikunja soksi ile ile, anaikunjua. Nikamsaidia kulitamka neno lenyewe: nisubiri baba afe?

"Usinitie maneno mdomoni."

Lakini hakukanusha. Akasema mzee hana kingine kilichobaki. Macho yameisha nguvu, wanafunzi wametawanyika, nyumba ina mwangwi. Jina hilo ndilo analoongea nalo. Akaniambia mimi nina wadudu wengi, yeye ana baba mmoja.

Na mimi je? Nilipokuja kwao nikiwa yatima, ni nani aliyesema mkwe ni jina tu, huyu ni mwanangu? Nani aliyenishika mkono kunionyesha jinsi ya kumchoma mbawakawa pini bila kumvunja mguu?

Mficha uchi hazai, najua. Lakini uchi wenyewe ni wa mzee wangu.

Jumanne, 12 Machi

Mzee amepiga simu. Amesikia maabara kuna uzazi. Wazima? Wazima, baba. Wanafanana na nani?

Nikajifanya mtandao unakatika. Halo, halo — nikakata. Mwanamke mzima, daktari wa mbawakawa, namkatia simu mzee!

Ijumaa, 15 Machi

Niko kwenye benchi la korido, naandikia gotini.

Mzee amekuja mwenyewe. Koti limepigwa pasi, fimbo, pumzi za kuhesabu. Askari wa mlangoni alisimama wima kumpokea; humu bado wanamwita Mzee Taa. Nikamvutia kiti kwenye hadubini, nikamwambia yote, bila kupamba. Mayai ya mama mmoja, baba. Mweusi ndiye dume, mweupe ndiye jike. Ni wale wale.

Akainamia. Mikono ilikuwa inatetemeka tangu ngazini. Ilipogusa hadubini ikatulia tuli. Aliangalia sana. Mimi nikaangalia kisogo chake, shingo ilivyokonda.

"Mwanangu, nani mwingine amewaona hawa?"

Mkuu ameona picha tu, nikasema. Wenyewe, mimi peke yangu.

"Picha."

Ndiye aliyenifundisha kwamba bila mdudu mkononi, makala ni porojo.

Kisha akaomba chai, ya moto sana. Nikaenda. Nimerudi na kikombe, mlango umefungwa kwa ndani.

Nikagonga. "Ngoja kidogo, mama." Sauti ya upole, kama anayetafuta miwani.

Wote wamo mle. Walio hai, na waliokufa walio kwenye spiriti. Sina wengine, na msimu umepita. Askari ana ufunguo wa akiba, yuko chini ya ngazi tu. Mkuu namsikia ofisini kwake anacheka na simu. Nikiita jina la mmoja wao, mlango utafunguliwa, na mzee atakutwa — sijui atakutwa akifanya nini. Labda analia tu. Labda ananawa uso.

Kiti kimeburuzwa. Fimbo, hatua, fimbo.

Bomba la sinki limefunguliwa. Maji yanatoka kwa nguvu, hayakatiki.

Sijainuka.