Shangazi Aliuliza Kwanza

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, haijakatika. Zahanati haina mgonjwa hata mmoja, maana nani atapanda mtumbwi kuja huku katika hali hii? Nimekaa peke yangu, daftari la wagonjwa liko wazi mezani, nami naandika hapa kwenye simu badala ya kuandika humo.

Jana tumemzika shangazi.

Shangazi Mwajuma ndiye aliyenilea, na ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake wa kijiji chetu hapa Salale. Kazi hiyo aliipokea kwa mama yake. Alikuwa mtu wa utani hata nayo. Akiwaona wenzake wanakula wali wa nazi kwenye shughuli huwaambia, "Msininenepee ovyo nyie, nani atawageuza? Mie mgongo wauma."

Lakini alikuwa na sharti moja asilolifanyia utani. Kabla maji hayajagusa maiti, lazima aulize marehemu alikuwa anaumwa nini. Ajue kama pana kidonda, kama kuna mahali pa kushika taratibu. Tangu nilipoajiriwa uuguzi na kurudishwa kijijini kwetu, swali hilo aliniuliza mimi. Nesi ni mtoto wake, amuulize nani mwingine?

Wiki tatu zilizopita Bi Hadija, muuza uduvi, alifia hapa zahanati, kwenye kitanda cha dirishani. Alikuja hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, na chakula alikuwa hakisikii harufu wala ladha. Kipimo sikuwa nacho. Macho nilikuwa nayo.

Mwezi mmoja kabla yake tuliitwa kikao mjini Kibiti. Mkubwa mmoja alituambia tusitie watu hofu, kwamba nchi iko salama, na nesi atakayetamka jina la ugonjwa ule atajieleza. Tuseme changamoto ya upumuaji. Tuseme presha. Tuwahimize watu wajifukize. Mtu aliyekuwa amevaa barakoa mbele yangu aliivua polepole akaitia mfukoni, na hapana aliyecheka. Niliporudi niliondoa ndoo ya kunawia mikono pale mlangoni, kwa mikono yangu mwenyewe, bila hata kuambiwa. Ndivyo woga ulivyo, unafanya kazi ya ziada bila malipo.

Basi shangazi akaja kumwosha Bi Hadija. Akasimama pale mlangoni, sanda kwapani.

"Nambie, mwanangu. Huyu kaondoka na nini?"

"Presha, shangazi."

"Haya."

Akaingia, akaosha kwa mikono mitupu kama alivyoosha siku zote. Aliinama juu ya uso wa maiti, akalibonyeza tumbo taratibu, hewa ikatoka kinywani. Mimi nilisimama nyuma yake nikimimina maji. Nilikuwa nimevaa glavu jozi mbili na barakoa.

Nimeisoma tena sentensi hiyo. Sitaifuta.

Boksi la glavu lilikuwa rafuni. Ningeweza kumpa jozi moja na uongo mwingine mdogo juu yake, kwamba siku hizi ndio utaratibu. Hata uongo wa kumlinda sikuutunga. Niliutunga wa kunilinda mimi tu.

Siku ya tisa shangazi alianza kukohoa. Nilimtibu kwa dawa nilizokuwa nazo, na majirani wakaleta majani ya mwarobaini na malimau akajifukiza ndani ya blanketi. Jana asubuhi midomo ilikuwa imebadilika rangi. Hewa ya mtungi iko Kibiti, na kufika Kibiti ni boti mpaka Nyamisati, kisha gari. Boti ya zahanati ina mashine lakini haikuwa na petroli.

Nilidhani watu wangeogopa kusogea. Walikuja. Wavuvi wa kamba, ambao hawakuwa wamepata kitu wiki nzima, kila mmoja alifungua tangi la mashine yake akamimina kidogo kwenye chupa ya soda, na chupa zile zikamiminwa kwenye dumu moja. Hapana aliyeuliza mwenzake ametoa kiasi gani. Nililia pale pale gatini, na sikulia kwa huzuni tu.

Njiani, katikati ya mikoko, shangazi alinivuta mkono. Nilisogeza sikio.

"Siku ile," akasema, akapumua, "ulivaa mipira mikononi."

Nikamwambia, "Nisamehe, shangazi." Nikarudia. Alinitazama, lakini sijui kama alinisikia, kwa kelele za mashine. Hatukuwa tumefika hata nusu ya safari alipokata roho, nahodha akageuza boti.

Sasa sijui kama aliingia kumwosha Bi Hadija hali anajua. Nadhani alijua. Nadhani alitaka tu kusikia nitasema nini.

Tulipomrudisha, wanawake walishatandika kitanda uani juu ya ufuo, lile shimo la kupokea maji ya maiti. Bi Somoe, aliyekuwa akifundishwa kazi na shangazi, alikuwa tayari amekunja mikono ya gauni. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amenivuta pembeni akaninong'oneza, "Nesi, sema nimonia, tusije tukaletewa watu hapa." Sasa alikuwa amekaa barazani, upande wa pili wa ukuta wa makuti. Kila neno la uani lilimfikia.

Bi Somoe akaniuliza. "Nambie, nesi. Shangazi yako kaondoka na nini?"

Nikasema, "Korona. Sijampima, lakini ndiyo. Na Bi Hadija pia. Nilimdanganya shangazi."

Barazani mwenyekiti alikohoa. Wanawake wawili walichukua khanga zao wakatoka, nami siwalaumu. Wanne walibaki. Bi Somoe alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, kisha akanyoosha mkono.

"Haya. Lete hiyo mipira."

Nikaleta boksi zima. Walijifunga vitambaa puani, wakamwosha shangazi vizuri, bila haraka, bila kuacha hata kimoja cha kumfanyia. Mimi waliniachia kumimina maji. Makaburini watu walisimama mbalimbali, na badala ya kupeana mikono waliweka mkono kifuani. Hapana aliyewaamuru. Waliambiwa tu ukweli.

Hicho ndicho kinachonitesa leo. Tulificha tukisema wananchi watapata hofu. Hofu walipata, kweli, kisha wakakunja mikono ya magauni. Hofu iliyoua shangazi ilikuwa yangu.

Nimefungua tena daftari. Safu ya chanzo cha kifo, kwa jina la Mwajuma, bado ni nyeupe. Kurasa chache nyuma Bi Hadija ameandikiwa presha, kwa mwandiko wangu mzuri.

Mvua ikikatika, kesho watakuja wakaguzi kutoka wilayani. Watalifunua daftari hili na kuniuliza walichouliza shangazi na Bi Somoe. Mara moja nimejibu uongo, mara moja nimejibu kweli.

Kalamu ninayo mkononi. Ee Mola, kesho nitamjibu nani, wao au shangazi?