Kola Anayoishona na Kuifumua

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo, naomba unishike mkono kabla sijaharibu, mume wangu ni fundi cherehani, mtu wa utani tangu uchumba wetu, akinipima kiuno husema futi imeishia njiani nami hucheka mpaka wateja wanageuka, basi tulipopata kazi ya sare za shule rafiki yake akamletea vidonge vya kuchangamsha mwili, na mwanzoni alishona kama watu watatu, nikafurahi, kumbe! Sasa sare zimelala, yeye kashikilia gauni langu la kijani, anashona kola, anaifumua, anaishona tena, kitambaa kimetoboka, chakula hagusi, meno anasaga, na juzi mkasi ulipoangukia nyuma ya cherehani akaniuliza, "Nani amekutuma?" Mimi, mshauri! Nikamtania kama zamani, akanikodolea macho tu. Nampenda mno, nimenunua dawa ya usingizi nimsagie kwenye chai apumzike, je, niweke kiasi gani?

Mke wa Fundi

Marahaba, mwanangu, na hiyo dawa iweke chini! Usimtilie hata chembe. Kuchanganya dawa kienyeji kutamuua huyo huyo unayemlilia. Tena tayari anakushuku, unataka kumpa ushahidi?

Vidonge vile havileti nguvu mpya. Vinaulazimisha ubongo umwage kwa mkupuo kemikali inayotufanya tufurahie jambo na kutaka kulirudia, ndiyo maana mkono wake umenasa kwenye kola moja. Ongeza kukosa usingizi, shuku zinaingia. Na ubongo uliozoea kumwagiwa kwa ndoo hausikii tone la utani wako. Si kwamba hakupendi, mama.

Akiwa ametulia mwambie, "Nakuhofia," usimwite mwehu. Nendeni hospitali pamoja, na vidonge mvibebe, daktari avione. Akiacha atalala sana, atakula sana, atanyong'onyea. Usimwache peke yake, na akitaja kufa au akishikwa na maumivu ya kifua, mkimbize hospitali hapo hapo. Sare wape mafundi wengine. Rafiki huyo akome kukanyaga hapo! Ubongo hupona polepole, nawe jipe moyo.

Gauni la kijani lifungie kabatini. Siku atakayosema, "Njoo nikupime jingine," simama wima, na futi ikiishia njiani, cheka mpaka wateja wageuke.