Mpira wa Chini

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Najua hukuutarajia mwandiko huu. Ulinikataza kukupigia simu, ukasahau kunikataza barua, basi nimepenya hapo hapo. Mguu uliokuwa ukikusumbua umepoa? Mimi mwili wangu hauna neno.

Mgonjwa ni gari. Ndiyo, lile lile la mama, uliloniambia nilichukue nipotee nalo. Kwa miaka sita limezunguka humu mjini bila kunisumbua. Mwaka huu nimepata kazi ya kusambaza mikate, kutoka kwenye tanuri la mwajiri wangu hadi maduka ya mbali kwenye barabara kuu, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Linachemsha, lakini si kila siku. Jumatatu linakwenda na kurudi kama jipya. Jumatano, baada ya nusu saa ya mwendo mkali, mshale wa joto unapanda hadi kwenye nyekundu. Nikisimama pembeni likapoa, halina kosa tena. Likifika gereji linajifanya zima, kama mtoto aliyepelekwa kwa daktari.

Fundi wa hapa kabadilisha feni, kabadilisha kizibo cha rejeta, na sasa anataka kushusha injini. Mwajiri kanipa hadi mwisho wa mwezi wa tano. Mikate ikichelewa tena nimemwaga unga, na huku unga ni wa kweli.

Sikuombi msamaha, wala sikuombi unikaribishe nyumbani. Nakuomba ufundi tu.

Mwanao,
Kidole


14 Machi

Kidole,

Marahaba. Mguu ni ule ule. Kaka yako mzima, gereji anaiendesha yeye siku hizi. Mimi nakaa kwenye kiti mlangoni nawakaripia.

Nakujibu kwa sababu ya gari. Usije ukajidanganya kwamba ni kwa sababu nyingine.

Anza na maji. Yaangalie kila asubuhi injini ikiwa baridi, kama ulivyotakiwa kufanya siku ile. Ukishayaona kwa macho yako, nenda kwenye themostati, kile kilango kinachofunguka maji yakipata moto. Ing'oe, itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka, isipofunguka, itupe. Mafundi wa siku hizi huing'oa wakaacha pengo, wakadhani wamelitibu gari. Usikubali ujinga huo. Pampu ya maji, shika puli yake uitikise, ikicheza, imekwisha. Chomoa kijiti cha oili; ukiona imegeuka rangi ya chai ya maziwa, gasketi imepasuka, maji yameingia kwenye oili. Rejeta, injini ikiwa ya moto izime, kisha pitisha kiganja karibu na uso wake. Palipo baridi pameziba. Mpira wa juu, ule unaorudisha maji kwenye rejeta, uminye kwa kitambaa. Ukiwa mgumu kama jiwe, kuna moshi unaingia kwenye maji.

Andika majibu yote. Usibahatishe. Nilikupa jina la Kidole una miaka minne kwa sababu hukuwahi kuona tundu kwenye injini usiingize kidole. Basi kitumie.

Baba yako


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia bado unakaripia watu. Ni dalili ya afya.

Majibu ni haya. Maji yamejaa, kila asubuhi, siku kumi na mbili mfululizo. Themostati imefunguka vizuri ndani ya sufuria. Pampu haichezi. Oili ni safi. Rejeta ina joto sawa kutoka kona hadi kona. Mpira wa juu unaminyika. Na juzi limechemsha tena, kwenye barabara kuu, nikiwa na mikate mia mbili nyuma.

Sasa hilo la siku ile. Nimelimeza miaka sita, leo limenikwama. Maji niliyaangalia, baba. Mama alipobanwa na kifua wewe ulikuwa safarini kununua vipuri. Mimi nilifungua boneti kabla ya kumpakia, nikayaona maji mdomoni mwa rejeta. Hospitali ni kilomita thelathini na nane, nikakanyaga mafuta hadi mwisho. Kwenye ya ishirini na sita likachemsha, kizibo kikafyatuka, maji yote yakaruka nje. Tulikaa pale saa moja na nusu hadi lori la mchanga likatubeba. Alikata roho njiani, kichwa chake kiko mapajani mwangu. Uliporudi ukaifungua rejeta, ukaikuta tupu, ukasema mbele ya waombolezaji wote kwamba uvivu wangu umemuua mama.

Hukutosheka. Ukaenda kwenye ule ukuta wako wa vipuri vilivyokufa, ambapo kila kipande kimefungwa kibandiko chenye jina la aliyekosea, ili wanafunzi wasome waogope. Ukatundika kile kizibo. "KIDOLE. HAKUANGALIA MAJI." Wateja wanakisoma wakisubiri magari yao. Watoto wa kaka wamejifunzia kusoma hapo.

Gari likipona nitakuomba kitu kimoja tu: ukishushe.

Mwanao,
Kidole


11 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Unakula vizuri? Huko mnakooka mikate kuna moshi, uangalie kifua chako, usije ukakirithi cha mama yako.

Majibu yako yamenyooka, sina cha kuongeza. Gari limechoka. Kuna magari yanafika mahali yanakataa tu, na fundi mwenye akili hujua pa kuachia. Liuze. Usimuuzie mtu wa kuliendesha. Wauzie wanaonunua chuma chakavu walikatekate, hata kesho. Usimpe tena fundi yeyote alifungue, watakupotezea muda.

Mwajiri wako mweleze ukweli, huenda akakupa kazi ya ndani.

Kuhusu kizibo, yale yalishapita. Tusichimbue.

Baba yako anayekuwaza


6 Mei

Baba,

Shikamoo. Ulipoanza kuniuliza kama nakula, nilijua pana jambo. Tangu nizaliwe hujawahi kuniuliza nimekula nini.

Ulinifundisha njia ya maji kabla sijajua kusoma. Ulikuwa ukinikalisha juu ya tairi, nami nahesabu kwa vidole: rejeta, mpira wa chini, pampu, injini, themostati, mpira wa juu, rejeta tena. Nikiruka kimoja unanirudisha mwanzo, hata nikilia. Barua yako ya Machi nimeisoma mara nane. Wewe umeruka kimoja.

Basi nimeendesha hadi injini ikapata moto sawasawa, nikaegesha uani kwenye tanuri. Mwoka mikate akakaa kwenye usukani, nikamwambia akanyage mafuta asiachie hadi nipige kelele. Nikalala chini nikatazama. Mpira wa chini ukaanza kunywea. Pampu ilikuwa ikiunyonya, nao ukabonyea hadi kuta zake zikagusana, maji yakakosa pa kupita. Nikapiga kelele, akaachia mafuta, mpira ukarudi mviringo kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo maana hakuna fundi aliyeuona. Wote hufungua boneti injini ikinguruma taratibu.

Nikaufungua. Mpira kama huu huwa na springi ndani ya kuuzuia usibonyee. Huu hauna. Na kwenye klipu zote mbili kuna nukta ya rangi ya kijani, ile unayotia kwenye kila kitu ulichokaza kwa mkono wako, ili mtu asije akakusingizia kazi mbovu. Nukta hazijachubuka. Hakuna mkono mwingine uliougusa mpira huu.

Kwa hiyo siku ile gari halikuchemsha kwa kukosa maji. Lilikosa maji kwa sababu lilichemsha.

Nina swali moja, na usinipige chenga. Ulijua?

Kidole


20 Juni

Mwanangu,

Barua yako nimekaa nayo wiki sita mfukoni. Kaka yako ananiuliza mbona sili, namwambia ni mguu.

Springi niliitoa mimi, siku tisa kabla ya siku ile. Ilikuwa imeoza kwa kutu, inamwaga uchafu kwenye maji. Nikafunga mpira mpya bila springi nikingoja nyingine ije. Nikajiambia gari lenyewe ni la mama yako, la kwenda sokoni na kurudi, haliwezi kuunyonya mpira kwa mwendo ule. Kazi ya namna hiyo ningemwona nayo mwanafunzi wangu ningemfukuza.

Unaniuliza kama nilijua. Siku ile sikujua. Nilipokulaumu nilikuwa naamini ninachosema. Siku ya tatu baada ya mazishi niliingia gereji peke yangu, nikaifunga pedali ya mafuta kwa kamba, nikauona mpira ukinywea kama mdomo wa kizee asiye na meno. Nikakaa sakafuni. Lakini kizibo kilikuwa kimeshatundikwa na watu wameshakisoma, na mimi ndiye niliyesema. Ningeanzia wapi?

Ndipo nikakwambia chukua gari upotee. Sikutaka kuliona, na sikutaka mtu mwingine alifungue. Utauliza kwa nini sikukuwekea springi kabla hujaondoka. Niliogopa kaka yako angenikuta nimeushika mpira ule, akaniuliza. Najua maana ya hilo. Nilikuachia uendeshe kitu kilichomuua mama yako.

Sasa nisikilize. Gereji hii inakula kwa jina langu. Kaka yako ana watoto watano. Wateja wakijua, nani ataleta gari? Nakuomba uichome barua hii, na hili libaki kati yetu mpaka nife. Ukinizika, sema utakavyo.

Nunua mpira wenye springi ya chuma kisichoshika kutu. Klipu usizikaze kupita kiasi.

Baba


1 Julai

Baba,

Nimekusoma. Nimelia hadi mwoka mikate kaniuliza nani kafa, nikamwambia mama.

Nilidhani siku nikijua ukweli nitapumua. Badala yake nakuchukia kuliko nilivyokuchukia mwezi wa tatu. Kukosea nakuelewa, hata mimi hukosea kila siku. Lakini kila nilipokumbuka kichwa cha mama mapajani mwangu nilijiuliza kama kweli nilifungua boneti, au nimejitungia. Miaka sita uliniacha nisiyaamini macho yangu mwenyewe, na wewe jibu unalo.

Barua sitaichoma, wala sitamwonyesha mtu. Nakutumia kifurushi pamoja na hii. Ndani kuna mpira wa chini, na klipu zake mbili zenye nukta zako za kijani. Nimeufunga kibandiko kwa uzi, kama ulivyotufundisha. Sikuandika kitu.

Kalamu unayo. Ukuta unao. Shusha kizibo, utundike huu, uandike jina la aliyekosea. Sina ombi lingine kwako duniani.

Mwanao, nikisubiri


19 Novemba

Baba,

Sijui kama mguu umepoa. Umenyamaza miezi minne na nusu, basi nami leo siulizi.

Kaka kaniandikia wiki iliyopita. Kumbe huwa anaona migongo ya bahasha zangu, akapata anwani. Ni mazungumzo ya kawaida tu: watoto wamekua, paa la gereji linavuja, baba siku hizi hakaripii mtu. Nami nikamuuliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa, ukuta una nini kipya? Kanijibu hakuna kipya. "Kizibo chako bado kipo," kasema, "na baba kakipangusa vumbi." Akaongeza kwamba chini ya benchi lako kuna kifurushi kimefunguliwa kikafungwa tena kwa gundi, na mtu akikisogelea unafoka.

Kwa hiyo ulikifungua. Kibandiko umekiona.

Sikumwambia kaka kitu. Usidhani nimekuhurumia. Nimetaka tu ujue kwamba kila siku unayopita mbele ya ukuta huo, unapita kwa kuchagua mwenyewe.

Kazi yangu ipo. Mpira mpya una springi, na tangu niuweke gari halijachemsha hata mara moja. Ila kulikuwa na kipimo kimoja nilichokuwa nakiogopa, nikakifanya Jumapili. Sikupakia mikate. Nililipeleka barabara kuu, nikarudisha kilomita kwenye sifuri, nikakanyaga kama nilivyokanyaga siku ile. Ya ishirini na sita niliipita nikipiga kelele peke yangu ndani ya gari. Sikupunguza mwendo. Kwenye thelathini na nane nikaegesha, nikatazama saa, nikatazama mshale.

Dakika ishirini na saba. Mshale haukutikisika.

Tungefika, baba.

Binti wa mama