Kengele ya Mlango wa Mnara

Mdogo wangu,

Huku tunajikaza. Nyanya zimeiva. Karatasi hii nimempa dereva wa lori kwa sababu simu bado hazishiki.

Fundi wa mnara wa simu alikuja jana. Anasema wezi walipovunja mlango wakabeba betri zinazouendesha mnara, kengele ilifika huko kazini kwako, kwenye kompyuta unayochungia minara, ila ulikuwa umeshainyamazisha. Eti mlinzi wetu huacha mlango wazi apate hewa, ikawa inakupigia kelele kila siku! Badala ya kumkemea mlinzi, ukaziba masikio?

Siku hiyo hiyo ya wizi Baba alibanwa na kifua. Nilimpigia daktari mpaka kidole kikafa ganzi, simu haitoki. Baba ndiye aliyenituliza: "Usihangaike, mdogo wako anatuona kwenye kompyuta." Alikata roho akikutegemea wewe. Ulipokuja kuzika ulilia kuliko sisi sote, na kumbe ulikuwa unajua kengele uliinyamazisha wewe!

Mama kila akipita mnarani anaupungia mkono, anasema anakusalimia. Mimi simwambii. Panda basi uje umwambie mwenyewe kwamba huko hakuna anayetazama.

Ni mimi dada yako, bado.