Jina la Mtoto wa Kwanza Wodini

Jumanne, usiku

Na kitanda chenyewe ni laini, siwezi kusema uongo. Maji ya moto yapo, dari ni nyeupe kama maziwa. Wodi hii ya wazazi kaijenga Mzee Elia, na mwanangu ndiye wa kwanza kuzaliwa humu.

Leo mchana mzee alikuja kutuona. Nesi akashangilia, "Mama, mtoto apewe jina la mfadhili! Elia mdogo!"

Mama mkwe akaninong'oneza, "Kubali, wewe. Atamsomesha huyu."

Mimi nilikuwa nawaza paa la nyumbani, Ihanja. Mama alichelewa kurejesha mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, aliokopeshwa na Mzee Elia; vijana wake wakaja kung'oa mabati. Usiku ule tulilala tunaziona nyota. Nilikuwa mtoto, nikaona raha, nikazihesabu mpaka usingizi ukanichukua. Mama alikuwa analia.

"Shikamoo mzee. Asante kwa wodi," nikasema. "Ila jina atatoa bibi yake. Mama yangu, wa Ihanja, yule mliyemng'olea mabati."

Nesi akakohoa. Mzee akatazama dari. Halafu, taratibu: "Bado yupo? Mwambie nitakwenda kumsalimia."

Sijui kama mama atampa kiti. Hilo linanisumbua kuliko mshono.

Mwanangu ananyonya, macho kayaelekeza juu. Hapa hakuna nyota, baba. Lala tu. Kesho bibi yako anakuja na jina lako.