Bonde Chini ya Bahari

Mutwiri mwanangu,

Mama yako ni mzima, ila joto la hapa Malindi linanichemsha kama githeri. Binti yako Kendi alinipeleka kwa mkutano wa ofisi yao ya samaki, na hadi sasa sijaamini. Watu wazima wanagawa bahari! Nikauliza, "Na miti ya mpaka mtapanda wapi?" Wavuvi wakacheka. Mzee wao akaniambia, "Mama, mpaka wetu uko kwa ramani."

Hiyo ramani ndiyo ilinishtua. Chini ya maji kuna bonde, na mabonde yetu yote ya huko nyumbani Githongo yangemezwa humo. Kendi anasema maji baridi hupanda kutoka huko yakibeba chakula, na samaki wa bahari kuu huja kula. Nikangoja wavuvi waligombanie. Yule mzee akasema tu, "Hapo tusiguse. Sisi tutavua pembeni."

Na wewe uliyesoma, nilikuacha ukinoa panga ukate miti ya chemchemi ya bonde letu ili upate shamba la nduma. Weka hiyo panga chini. Hawa hawajawahi kuona bonde lao na wamelihurumia. Lako unakunywa maji yake kila siku.

Watoto wasilale bila kuomba. Nawapenda, hata wewe kichwa ngumu.

Mama