Rafiki Yangu Anataka Nusu ya Dawa Yangu ya Homoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijakosana na rafiki tuliyependana naye miaka thelathini na moja. Nina miaka hamsini na mbili, nauza mikate ya chipa hapa mjini Caacupé, tanuri nimelijenga kwa mikono yangu bila msaada wa mtu, na hedhi ilipokoma joto la mwilini likaungana na la tanuri, nikahesabu, mara kumi na nne kwa siku nalowa chapachapa, usingizi wa saa tatu tu kwa usiku, wauza mitishamba wakaniambia niongeze majani kwenye terere, ile chai yetu ya baridi, nikaongeza, wapi, mpaka nilipofika kwa daktari Liduvina Rotela, mwanamke ambaye sijaona mfano wake, akanihoji dakika arobaini nzima, matiti, damu kuganda, ini, akapima presha, ndipo akaniandikia kiraka cha homoni cha kubandika kwenye ngozi mara mbili kwa wiki na kidonge cha kulinda kizazi, na wiki ya sita nikahesabu tena: mara mbili tu kwa siku!

Sasa Bi Eulogia, rafiki yangu huyo aliyemsimamia mwanangu ubatizo, akanivaa: "Shoga, terere tunanyonya mrija mmoja, kiraka ndio unanificha?" Nikampa vinne. Sasa anataka nusu ya kila boksi, na juzi kaniambia huku anacheka, "Mwenzio nimerudi usichanani, damu hiyo!" Ana miaka hamsini na tisa, hedhi yake ilikoma miaka minane iliyopita. Nikimnyima, parokia nzima itaambiwa mimi mchoyo. Nifanyeje?

Mwenye Tanuri

Mwenye Tanuri, hesabu unazijua, ila hiyo miaka minane umeipita mbio. Damu baada ya hedhi kukoma si usichana. Huenda ni viraka vyako, maana ulimpa homoni bila kidonge cha kulinda kizazi. Huenda ni ugonjwa uliokuwemo kabla, hata saratani. Wewe hujui, mimi sijui, na Eulogia anacheka.

Nimempenda daktari wako. Zile dakika arobaini ndizo zilizofanya kiraka kiwe dawa kwako, na Eulogia hakuzipata. Yako endelea nayo kama ulivyoandikiwa, na mwambie daktari ukweli kwamba uligawa. Rafiki yako asibandike kingine.

Kesho usiwashe tanuri. Mpitie kwake asubuhi, na akikuita mchoyo, mjibu: "Kiraka sikupi. Daktari wangu nakupa. Vaa viatu twende."